Nilisema Kila Kitu Ni ya Papa, Sasa Moulin ya Wamama Nane Inangoja Tribunal

(Barua kwa Mama Constance, mushauri wa wasomaji wetu. Majina yote katika barua hii tumeyabadilisha.)

Mama Constance, salamu ya heshima.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko mu mwaka wa tano ya humanités, sekondari, hapa Mubi, na nawaandikia juu kusema na mudomo siwezi, hata ku boutique nikitaka chumvi naonyesha na kidole, mwenye boutique ananiuliza «ni hii?», natikisa kichwa, mara tatu ashanipatia sabuni na nikaenda nayo nyumbani juu nilikuwa na haya ya kusema hapana, basi mukubali kunisoma hata kama nazunguka kidogo mbele ya kufika. Ku masomo mu Français niko wa kwanza, mu Swahili pia niko wa kwanza, lakini ni ku karatasi. Mwalimu akiniuliza kitu, najibia meza. Ile meza yangu ingeweza kupita examen d'État hata leo.

Nasema hii ili mujue ni muntu wa namna gani tribunal ilikuta nyumbani siku ilikuja kuuliza maswali.

Papa yangu, Papa Faustin, anafanya kazi ya mawe, ile cassiterite ya kutengeneza bati. Zamani alichimba mwenyewe, kisha akakuwa muntu wa kuchimbisha wengine, alikuwa na motopompe mbili za kutoa maji mu mashimo na moto moja, pikipiki ya kubebea mifuko. Lakini kilima chenye alichimbisha mwaka huu, Serikali iliweka alama nyekundu, maana yake muntu yeyote asiguse, na Papa alijua, juu kibao iko pale njiani na ni mimi njo nilimusomea. Akaniambia: «Fifi, rouge inaonyesha tu kama kuko kitu ndani.» Mu mwezi wa pili walimukamata kule kule mulimani na wenzake wawili, wakamupeleka ku cachot, mahabusu ya Walikale, na tribunal ikasema vitu vyote vya ile kazi vikamatwe mpaka siku ya kuamua. Juge, yule hakimu, akiona kama kitu ilitumika mu kazi ya kukatazwa, inakuwa ya Serikali, inauzishwa mu munada, na mwenye alikuwa nayo anaisahau.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu kuko moulin ya kusaga muhogo na mahindi. Haiko ya Papa. Ni ya wamama nane wa avenue yetu, walianza na likelemba, ule muchango wa kupeana franga kwa zamu, Mama yangu Anastasie njo anachunga cahier, na mukubwa wao ni Mama Joséphine-Marie, mujane mumoja mwenye akisema mwanzo wa avenue, sisi wa mwisho tunajibu. Walijinyima miaka tatu. Moteur ilitoka Bukavu na camion, ikapita Hombo, kisha camion ikazama mu matope siku tisa, ikabakia mwendo wa saa tano za muguu kufika, wamama wakachoka kungoja, wakafunga moteur ku miti na wakaibeba ku mabega mpaka hapa, na vijana wawili tu wa kusaidia. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, mi nilibeba kamba. Ile moulin njo inatukulisha. Mawe ya Papa leo iko, kesho hakuna, lakini unga iko kila siku. Hiyo kitu mu avenue yetu haisemwi kwa sauti, hata hapa nimeiandika polepole.

Lakini ku ukuta ya moulin kuko maandishi makubwa ya rangi ya buluu: MOULIN PAPA FAUSTIN. Wamama wenyewe njo walitaka vile, juu moulin yenye jina ya mwanaume, watu wa taxe, wa kodi, wanaipita. Ya mwanamuke wanaingia kila siku na taxe ya jina mupya. Papa alikubali mbiombio. Alinunua rangi na franga yake. Nafikiri ni kitu pekee alishatoa mu ile moulin.

Na kuko ingine yenye munajua juu mulizaliwa huku. Kwetu, mugeni akiuliza mutoto «hii ni ya nani?», jibu iko moja: ni ya Papa. Kuku yenye Mama alinunua ni ya Papa. Sufuria yenye Mama alikuja nayo siku ya ndoa, ikiwa ingali na jina ya mama yake chini, ni ya Papa. Haiko uongo, ni adabu. Mutoto mwenye anasema «hii ni ya Mama» mbele ya mugeni, jioni avenue yote inajua kama mu ile nyumba watu hawaelewane.

Basi. Ilikuwa siku ya mbili ya juma, saa ine ya asubui, wamama wote wako shamba, walimu wako mu grève, wamegoma, nyumbani tuko tu mimi na mudogo wangu Mamy wa miaka sita. Moto tatu zikasimama. Polisi wawili, na bwana mumoja na chemise yenye ilitoka Walikale nyeupe na ikafika Mubi na rangi ya barabara. Alisema yeye ni huissier, muntu wa tribunal wa kuandika vitu vya kukamata.

— Mukubwa wa nyumba iko wapi?

Niliangalia viatu vyake.

— Unasikia Français?

Mama Constance, hapo njo nilipotea. Angeniongelesha Swahili tu, ningekimbia mu ndizi na leo nisingekuwa nawasumbua. Lakini Français ni kitu pekee watu wananisifu nayo, na nikasikia mudomo yangu inasema: «Oui, monsieur, parfaitement.» Parfaitement, yaani kabisa kabisa! Muntu mwenye hajawahi kununua chumvi!

Akakaa ku kiti ya Mama, akaweka karatasi ku magoti. Bic yake ikakataa kuandika, nikakimbia kumuletea yangu. Mali ya watu ilikamatwa na bic yangu, nataka mujue ile pia. Akaonyesha moto: ni ya nani? «À mon papa», ya papa yangu. Motopompe mbili, ni za nani? «À mon papa.» Nilikuwa naona inaenda muzuri sawa examen ya oral. Tukazunguka nyuma ya nyumba, akaonyesha moulin.

— Na hii?

— Ile ni ya bamama! (Ni Mamy alisema.)

Nilimukanyaga muguu. Kweli nilimukanyaga, juu niliona haya kwa ajili yake, mutoto muzima anasema mambo ya bamama mbele ya wageni, nikasema mbiombio: «À mon papa, monsieur.» Huissier akaangalia ukuta, akasoma jina, akatikisa kichwa sawa mwalimu mwenye alipata jibu alingoja. Akaandika: un moulin. Nikaona ni fupi. Nikamuambia, muntu hakuniuliza, muntu yeyote hakuniuliza: «Moteur diesel, monsieur, refroidi à l'eau, en excellent état», maana yake inapozwa na maji, na iko muzima kabisa. Akaandika yote. «Très bien, mademoiselle.» Na mimi nikafurahi. Nilikuwa sawa muntu mwenye anasaidia mwizi kutoa kitanda na anamuambia achunge mulango, isikwaruze.

Mwisho akaniambia nisome, kisha nisaini. Niko na signature nilijifunza wakati wa vacances, na mukia murefu unazunguka mara mbili. Ile siku niliuzungusha mara tatu.

Moto na pompe walipakia ku camionnette. Moulin ilikuwa na uzito, wakaifunga mulango, wakabandika karatasi na cachet, muhuri ya tribunal, ile wanaita scellé, wakasema muntu asiguse mpaka tribunal iamue. Huissier alienda na bic.

Mama Joséphine-Marie njo alifika wa kwanza toka shamba, akaona ile karatasi, akashusha kitunga ya muhogo.

— Anastasie! Kuja uone! Bwana yako alituuzisha!

— Bwana yangu iko cachot, angetuuzisha na mukono gani?

— Na mudomo! Walimuuliza kule Walikale uko na mali gani, akasema niko na moulin, juu bajuge bamuone boss! Ule muntu hata mu cachot anatafuta ukubwa!

Wamama wengine wakaanza kusema wote pamoja, mumoja akasema yeye alikataaga ile rangi ya buluu tangu mwanzo, mwingine akamujibu «wewe njo ulishika ngazi». Mama yangu aliangalia ile karatasi. Mama yangu hajawahi kukasirika mbele ya watu tangu nizaliwe. Kisha akasema polepole: «Kama ni Faustin, chakula yangu hataionja tena.»

Nilikuwa hapo, Mama Constance, nasimama na ndoo ya maji, na ilikuwa inaomba maneno tatu tu: ni mimi nilisema. Nilifungua mudomo, ikatoka kikohozi. Mama akanipikia maji ya ndimu juu ya kifua.

Tangu ile siku Mama hatumi chakula Walikale na hataji jina ya Papa. Wamama wanatwanga muhogo mu vinu sawa wakati ya koko zetu, mababu wa zamani, kuanzia asubui avenue yote inalia vinu, mikono imewavimba, na wale wa mbali wenye walikuwa wanaleta kusagisha kwetu, walishaenda kwa mwenye moulin mwingine. Mamy ananiangalia. Nimemupatia beignets zangu zote, yale maandazi, kwa wiki tatu, mutoto ananenepa na siri yangu. Na Mama Joséphine-Marie anasema mwezi ikiisha bila jibu, atapasua ile karatasi na kusaga, wamufunge naye kama wanapenda.

Sasa njo nafika ku kitu yenye inanileta kwenu. Juu Mama hatumi chakula, nilipika mwenyewe, nikaenda Walikale ku moto ya kaka Bienvenu, binamu yetu. Papa alikula fufu yote. Kisha akapanguza mikono.

— Fifi, walinionyesha karatasi ya huissier. Kuko signature moja chini, mukia yake inafika mpaka ku cachet.

Nikafunika uso na kitambaa ya chakula.

— Usilie. Sikukasirika, ulichunga heshima ya Papa. Nyumbani wanasema nini?

— Mama anasema ni wewe.

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

— Muache aseme, mimi nitabeba. Lakini sikia. Tarehe kumi na nane tribunal itakuja Mubi kuhukumu kule kule, mu salle ya paroisse, ile ya kanisa. Utasimama. Utasema ulikosea, moulin ni ya bamama. Sawa. Na utaongeza: moto pia ni ya bamama, na pompe moja ni ya bamama, ya kuvutia maji ya kupoza moteur. Na Français yako, juge ataamini.

— Papa, ile pompe iko na matope ya carrière, ya shimo ya mawe, mpaka ndani.

— Uliona? Ya matope unajua kusema! — Akashika zile vyuma za dirisha. — Nikitoka bila moto nitakuwa nani, Fifi? Nitakaa ku mulango ya moulin nishikie bamama mifuko? Fikiri muzuri. Ukikataa, haina neno, na mimi nitaambia mama yako ni nani alisaini.

Tarehe kumi na nane inakaribia na mimi silale. Nikinyamaza, moulin inaenda munada. Nikisema vile Papa anataka, wote wanapona, lakini ni uongo na naogopa kufungwa. Nikisema ukweli tu, Papa anapoteza moto, Mama anajua ni mimi njo nilimuacha achukie bwana yake bule, na watu wote wa Mubi wanajua mu salle ya paroisse kama nyumba yetu inakulaga unga ya bamama, siyo mawe ya Papa. Na mbele ya yote, naogopa kusimama. Juge ataniuliza na mimi nitajibia viatu vyake. Hakuna namna ya kuandikia juge barua tu, mimi nibakie nyumbani? Niko na mwandiko muzuri.

Munisaidie, hata kwa kunitukana.

Mimi, Mwenye Haya wa Mubi.


MAMA CONSTANCE ANAJIBU

Mutoto yangu,

Barua yako nimeipitisha mbele ya zingine zote, juu ile tarehe haitakungoja wewe na haya yako. Nianze kwa kukuambia nilicheka. Ku ile bic nilicheka, ku «parfaitement» nikarudilia kusoma kwa sauti na wenzangu hapa wakacheka nao. Kisha nikafika ku muguu ya Mamy, na kicheko ikaisha. Mu ile nyumba yote, muntu mumoja tu alimuambia huissier ukweli, iko na miaka sita, na wewe ulimukanyaga. Leo, mbele ya kitu chochote, muombe mudogo wako pardon. Na beignets uache, unamufundisha kuuzisha maneno.

Sasa tuachane na kulia. Unajiita mujinga ukurasa tatu, na unajiita vizuri, unajua kuandika. Lakini naona kitu: kujicheka njo imekuwa fasi yako ya kujificha. Wakati unajicheka, wamama nane wanatwanga. Mama yako anachukia muntu juu ya kosa ambayo haikuwa yake. Papa yako ako na makosa yake, na ni mingi, lakini hii moja haiko yake na wewe unajua.

Kosa yenyewe ninaielewa. Mimi pia nililelewa vile, hata leo mugeni akiniuliza kiti ni ya nani, mudomo inataka kujibu «ya mzee». Ku mulango, mbele ya mugeni wa chai, ile ni adabu na uiendeleze. Lakini muntu mwenye anakuja na polisi na karatasi haulizi juu ya adabu. Anauliza ni jina gani aandike, na kile anaandika kinatembea mpaka mu munada. Hakuna muntu alikufundisha hiyo tofauti, hata masomo. Sasa umeijua kwa bei kali.

Nilimupigia simu avocate mumoja, mwanasheria mwanamuke, mwenye anajua mambo ya mali ya kukamatwa. Aliniambia mambo ambayo yatakurudishia usingizi kidogo. Kwanza, vitu vikikamatwa, hiyo haijakuwa hukumu. Mwenye kitu, kama hakushiriki mu ile kazi ya kukatazwa, ana haki ya kuja mbele ya tribunal na kusema: hii ni yangu, munirudishie. Lakini aje kabla ya hukumu, siyo nyuma ya munada. Pili, wewe hauna miaka kumi na minane, na walikusainisha bila mukubwa kando yako. Hiyo pia wamama waiseme. Tatu, muntu akikosea na akarudi mwenyewe kusahihisha, haiko sawa na muntu anadanganya. Mwenye anasimama tarehe kumi na nane kusema uongo, ule njo anatafuta cachot.

Njo maana kwa ile shauri ya Papa Faustin jibu yangu ni hapana, na haina kona. Ile moto ilibeba mifuko mbele ya macho ya Mubi muzima. Pompe inatapika matope ya carrière. Ukiweka hizo mbili kando ya moulin, juge hataokoa vitatu, atapoteza vitatu, juu atajiuliza kama uongo iko mu mbili, kwa nini isikuwe mu ya tatu. Papa yako anataka kuvusha mali yake ku mugongo ya wamama, na anataka wewe njo ushike kamba. Mwambie maneno mafupi, usimuhubirie: «Papa, nitasema ya moulin tu.» Akikuuliza atakuwa nani bila moto, hiyo si swali ya mutoto kujibu. Atafute avocate wake, aeleze kilima chake mwenyewe. Na wewe uendelee kumupelekea chakula. Hukumu ni kazi ya juge. Yako ni fufu.

Na ile vitisho yake ya kuambia mama yako, unaimaliza kwa namna moja: utangulie. Usingoje jioni ya muzuri, haitafika. Kesho asubui fuata mama yako shamba. Tembea nyuma yake mu ile njia nyembamba, ukiangalia visigino vyake, wewe unapenda kuangalia miguu, na umwambie kuanzia huissier mpaka cachot, bila kuruka kile cha Mamy. Atasimama. Atageuka. Pengine atakupiga kofi, pengine atakaa chini. Vyovyote, hautakufa, na mukifika shamba atakuwa ameanza kufikiri namna ya kutoka, juu mwanamuke mwenye alibeba moteur saa tano ku bega si mwanamuke wa kukaa chini siku muzima. Mwombe akuruhusu wewe mwenyewe umwambie Mama Joséphine-Marie. Na umwambie Mama Joséphine-Marie, kwa jina yangu, asiguse ile karatasi ya scellé. Akiipasua, yeye atakuwa na kesi yake peke, na moulin itakuwa imejitetea vibaya. Avunje kinu kama anataka kuvunja kitu.

Kisha, ndani ya siku mbili, wamama wote nane waende ku greffe, kwa karani wa tribunal, na barua ya kudai moulin. Hapo njo Français yako ifanye kazi yenye inalipa dhambi. Andika ile barua. Fupi! Hakuna «excellent état», hakuna mapambo. Ukimaliza, usomee wamama yote mu Swahili, sauti ya kusikika, mustari kwa mustari, na mwenye hakubaliane na neno umuondolee lile neno. Wakishakubali njo waweke vidole. Wafunge pamoja na facture ya Bukavu, karatasi ya kununua moteur, na kama imepotea, watafute mwenye aliuzisha, numéro iko ku moteur na yeye anachunga cahier yake. Waweke cahier ya likelemba. Walete wale vijana wawili walibeba nao, na chauffeur wa ile camion kama anapatikana. Muombe na chef wa avenue aandike kile anajua. Karani akipokea, mudai accusé de réception, karatasi ya kuonyesha kama alipokea, na musiondoke bila hiyo hata mvua ikinyesha.

Juu ya ile rangi ya buluu: musiifute sasa. Mukiifuta kabla ya siku ya kesi, itaonekana munaficha kitu. Mama Joséphine-Marie amuelezee juge waziwazi kwa nini jina ya mwanaume iliwekwa. Kila muntu mu salle ataelewa, na watu wa taxe wakiwa humo waelewe nao. Rangi ku ukuta haijawahi kuwa facture. Nyuma ya hukumu, wapake kile wanataka. Na heshima ya Papa Faustin, yenye unaogopa itaanguka mu paroisse: mutoto yangu, Mubi yote inajua nani anakulisha ile nyumba. Wanaonunuaga unga kwenu wana macho. Ni nyinyi tu munafikiri ni siri.

Mwisho, kile ulitaka nikujibu kwanza. Hapana, barua peke haitatosha. Ulisema na mudomo, utaondoa na mudomo. Siyo lazima iwe Français. Omba kusema mu Swahili, ni haki yako, na mu Swahili hautapata nafasi ya kujipamba. Kaa ku benchi ya mbele, kati ya mama yako na Mama Joséphine-Marie, ili usipate njia ya kukimbilia mu ndizi. Wakikuita, utatetemeka. Tetemeka. Hakuna article ya sheria inakataza shahidi kutetemeka. Sema: niliulizwa, nilijibu vibaya, moulin si ya baba yangu. Juge akikuambia sema kwa sauti, rudilia. Kisha taja wenye moulin, mumoja mumoja, jina na jina ya baba, na uangalie bic ya karani. Usikae chini mpaka uone ameandika wa nane.

Mama Constance